Vidonge vya antioksidanti au mboga na matunda: elfu 65 yako uiweke wapi

Kuna mzee mmoja jirani yetu huku Mbagala, fundi magari, anavuta sigara tangu ujana wake. Mwezi uliopita kaja dukani (nauza kwenye duka la dawa) kashika simu mkononi, na baada ya shikamoo na marahaba akanionyesha picha ya chupa ya vidonge ambayo mtu kamtumia WhatsApp. "Mwanangu, hii inasafisha mapafu kweli?" Nikaikuza picha nikasoma: beta karotini (ile rangi ya chungwa ya kwenye karoti, mwili unaigeuza vitamini A), vitamini E, vitamini C, seleniamu, na chini kwa herufi kubwa kwamba inaondoa sumu zote mwilini. Vidonge 30, bei shilingi 65,000. Nikamwambia mzee wangu hebu kaa hapo kwenye benchi kwanza, maana kati ya watu wote wa mtaa huu wewe ndo wa mwisho kabisa kumeza hiyo kitu.

Swali lake naulizwa karibu kila wiki, na wanaouliza wengi hawana pesa ya kuchezea, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu. Upande mmoja tuweke vidonge, upande mwingine tuweke chakula cha kawaida cha sokoni, na pembeni kidogo nitazigusa zile dripu za saluni, za vitamini na za glutathioni (antioksidanti ambayo mwili unajitengenezea wenyewe), kwa sababu nazo siku hizi zimeshika kasi.

Hiyo sumu yenyewe ni nini

Umewahi kutafuna karanga zilizokaa sana kwenye kopo, ukasikia ule uchungu na ile harufu ya mafuta yaliyochacha? Hapo oksijeni imeyashambulia mafuta ya karanga ikayaharibu. Ndani ya mwili wako mambo yanakwenda hivyohivyo, seli zinatumia oksijeni kuchoma chakula ili zipate nguvu, na katika kuchoma huko kuna vipande vya kemikali vinavuja pembeni, vina njaa ya elektroni, vinanyang'anya popote vinapofika, kwenye mafuta ya ukuta wa seli, kwenye protini, hata kwenye vinasaba. Ndo vinaitwa radikali huru. Antioksidanti ni kitu chochote kinachokubali kutoa elektroni yake ili hiyo njaa iishe bila kitu cha maana kuharibika. Radikali zikizidi uwezo wa mwili kuzizima, hapo wataalamu wanasema kuna msongo wa oksidesheni, na jina hilo limeenea tangu mwaka 1985 kutokana na mwanasayansi wa Ujerumani Helmut Sies, ingawa wazo la kwamba radikali ndo zinatuzeesha lilitolewa na Mmarekani Denham Harman mwaka 1956.

Na huo msongo upo kwenye magonjwa mengi kweli, hilo halina ubishi. Kolesteroli mbaya ikishaoksidika ndo inamezwa na seli za kinga kwenye ukuta wa mshipa, zinavimba, mshipa unaanza kuziba. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaongeza radikali kwenye mishipa midogo ya macho na figo. Moshi wa sigara unaingia na radikali zake tayari zimeshaiva. Kwa hiyo anayeuza chupa haongopi akisema radikali zinahusika na magonjwa, kosa linaanza anaporuka kutoka hapo kwenda "basi meza hiki utapona".

Kuna jambo wauzaji hawalisemi kabisa. Radikali zina kazi! Chembe nyeupe za damu zinatengeneza radikali makusudi kuwaua bakteria, na kuna watoto wanazaliwa bila uwezo huo, wanapata maambukizi mabaya yasiyoisha. Misuli nayo inatumia radikali kama taarifa, ukifanya mazoezi zinaongezeka kidogo na mwili unajibu kwa kujiimarisha. Mwaka 2009 watafiti Ujerumani waliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi wiki nne, nusu wakawapa vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E yuniti 400 kila siku. Wale wasiomeza kitu miili yao ikaanza kuitumia insulini vizuri zaidi, wale wa vidonge faida hiyo hawakuipata, yaani jasho lao likaenda bure. Ukianza gym na jogging ya asubuhi huku unameza dozi kubwa za hivyo vitu, ujue unavuta kamba pande mbili.

Afu mwili wenyewe una kikosi chake, enzaimu zinazozima radikali saa zote, na zinachohitaji kutoka nje ni kidogokidogo tu, zinki, shaba, manganizi, seleniamu, vitu vilivyo kwenye dagaa, maharage, karanga na nafaka zisizokobolewa.

Vidonge vimejaribiwa vikaonyesha nini

Hapa ndo nataka usome taratibu kwa sababu hapa ndo pesa yako ilipo.

Zamani watafiti waliona kwamba watu wanaokula matunda na mboga nyingi, na wenye beta karotini nyingi kwenye damu, saratani ya mapafu inawapata kidogo. Wakasema vizuri, basi tuichukue hiyo beta karotini tuiweke kwenye kidonge tuwape wavutaji. Ufini walianza mwaka 1985, wanaume wavuta sigara 29,133 wa miaka 50 hadi 69, wengine wakapewa beta karotini miligramu 20 kwa siku, wengine vitamini E, wengine vyote, wengine kidonge kitupu. Matokeo yalitoka mwaka 1994 na watu hawakuamini macho yao: waliomeza beta karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 ZAIDI ya wasioimeza, na vifo vyao vilikuwa juu kwa asilimia 8.

Ukidhani ni bahati mbaya, Marekani kulikuwa na utafiti mwingine ukiendelea, watu 18,314, wavutaji, walioacha, na wafanyakazi waliowahi kushika asbesto (madini ya nyuzinyuzi ya ujenzi, vumbi lake linaharibu mapafu). Wao walipewa beta karotini miligramu 30 pamoja na vitamini A. Januari 1996 ukasimamishwa miezi 21 kabla ya muda wake kwa sababu kundi la vidonge lilikuwa na saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 28 na vifo zaidi kwa asilimia 17. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kwenye pafu lililojaa moshi hiyo beta karotini nyingi nayo inaoksidika, vipande vyake vinageuka kuwa washambuliaji. Mlinzi umemwajiri mwenyewe, usiku kawafungulia wezi mlango.

Nilipofika hapo mzee aliizima simu yake akaiweka mfukoni.

Kwa wasiovuta je? Madaktari wa kiume 22,071 wa Marekani, wengi wao hawavuti, walijaribiwa na beta karotini miaka 12, hakuna faida wala madhara, yaani sifuri. Vitamini E kwa moyo, utafiti wa mwaka 2000 wenye wagonjwa zaidi ya 9,500, yuniti 400 kila siku kwa miaka kama minne na nusu, sifuri. Vitamini E na seleniamu kwa tezi dume, wanaume zaidi ya 35,000, vidonge vikasimamishwa mwaka 2008 kwa kukosa faida, na walipoendelea kuwafuatilia, mwaka 2011 ikaonekana waliomeza vitamini E peke yake wana saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17. Baba zetu wengi wananunuliwa hiyo vitamini E na watoto wao kwa upendo kabisa, "ya tezi dume baba". Jamani.

Mwaka 2012 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walikusanya majaribio 78 yenye watu 296,707 wakayaweka kwenye mizani moja. Antioksidanti za vidonge hazikupunguza vifo, na beta karotini na vitamini E zilionekana kuviongeza kidogo. Na kamati ya Marekani inayoshauri kuhusu kujikinga na magonjwa mwaka 2022 ikasema waziwazi kwamba inashauri watu WASITUMIE beta karotini wala vitamini E kwa ajili ya kujikinga na saratani au magonjwa ya moyo.

Nisiwaonee, vidonge vina sehemu vimeshinda. Kwa wazee wenye ule ugonjwa wa macho unaokula katikati ya retina (lile pazia la nyuma ya jicho), ukiwa umefika hatua ya kati, mchanganyiko maalumu wa vitamini C, vitamini E, zinki na shaba pamoja na beta karotini ulipunguza kwa kama robo uwezekano wa kufika hatua mbaya, hayo yalitangazwa mwaka 2001, baadaye beta karotini ikatolewa ikawekwa luteini na zeazanthini kwa sababu ya hiyohiyo hatari ya mapafu. Hicho anaandika daktari wa macho baada ya kukupima, na hakimzuii mtu mwenye macho mazima kuumwa. Vitamini E ya dozi kubwa pia madaktari wa ini wanaitumia kwa baadhi ya watu wenye ini la mafuta wasio na kisukari. Na mtu akimeza parasetamo kupita kiasi, hospitali wanampa asetilisisteini, ini linapata malighafi ya kutengeneza glutathioni yake lenyewe na hapo maisha yanaokolewa kweli. Ukiangalia hizo zote kuna ugonjwa unaojulikana, dozi inayojulikana, na mtu anayefuatilia.

Sasa twende sokoni

Tuanze na vitamini C kwa sababu ndo inayonunuliwa sana. Mwanaume mzima anahitaji kama miligramu 90 kwa siku, mwanamke 75, anayevuta sigara aongeze 35. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200. Pera moja la ukubwa wa kawaida umemaliza habari ya siku nzima na umebakisha. Papai gramu 100 kama 60, chungwa kama 50, na ubuyu, ule unga mweupe wenyewe kabla haujatiwa rangi na sukari, unalizidi chungwa mbali. Ukimeza kidonge cha miligramu 1,000 kwa mpigo mwili unafyonza karibu nusu au chini ya hapo, inayobaki inapita, na sehemu ya ile iliyofyonzwa inageuka oksaleti ambayo kwa wanaume imehusishwa na mawe ya figo. Mtu amelipia mkojo wa gharama.

Mboga za majani, matembele, mchicha, kisamvu, majani ya maboga, zina karotini na luteini, lakini hivi vitu vinapenda mafuta, bila mafuta vinapita tu tumboni. Bibi zetu waliotia nazi au karanga zilizosagwa kwenye mchicha walikuwa wanafanya kazi ambayo kidonge kikavu unachomeza na maji asubuhi hakiifanyi. Jikoni kwangu nafanya hivi, mchicha nauosha kabla sijaukata, vitunguu na nyanya nakaanga mpaka nyanya ziive zitoe ule wekundu kwenye mafuta (ule wekundu ni laikopini, na nyanya iliyoiva kwenye mafuta kidogo inakupa laikopini nyingi kuliko mbichi), ndo natia mchicha, dakika chache tu, maji yake hayamwagwi, halafu tui zito, nazima. Limao nakamulia kwenye sahani, kwa sababu vitamini C moto unaiua. Kisamvu ni tofauti, kile lazima kitwangwe na kiive haswa kwa sababu ya sumu yake ya asili, vitamini C nyingi itaondoka na ni sawa, utaipata kwenye embe baada ya kula.

Mafuta ya mawese ya Kigoma, yale mekundu yenyewe, ule wekundu ndo karotini, yakishasafishwa yakawa meupe imeondoka. Viazi lishe vya rangi ya chungwa vivyo hivyo. Watu wa Zanzibar mtafurahi kusikia kwamba karafuu iliwahi kuwa karibu na kileleni kwenye orodha ya wizara ya kilimo ya Marekani ya vyakula vyenye nguvu ya antioksidanti, ila orodha hiyo wenyewe waliiondoa mwaka 2012, walisema namba za maabara hazionyeshi kitakachotokea ndani ya mtu na kampuni zilikuwa zinazitumia kuuzia bidhaa. Weka karafuu kwenye pilau kwa sababu pilau bila karafuu ni nini, ila mtu akikuuzia mafuta ya karafuu kwa hoja ya hizo namba, mkatalie.

Na niseme ukweli upande huu pia. Ushahidi wa chakula mwingi ni wa kuwafuatilia watu wanavyokula, na anayekula mboga nyingi mara nyingi pia havuti na anatembea kwa miguu, kwa hiyo huwezi kusema ni mchicha peke yake. Pia mboga haitibu saratani, haitibu kisukari, haifungui mshipa ulioziba. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba kwenye karotini ya kwenye karoti hakuna utafiti ulioonyesha kinachofanana na kile cha Ufini, dozi ni ndogo, inakuja na nyuzinyuzi, potasiamu, foleti na vingine mamia ambavyo chupa haina.

Pesa: 65,000 kugawa kwa siku 30 ni elfu mbili na mia na kitu kwa siku. Sokoni kwetu hiyo ni mafungu mawili ya mchicha, nyanya, na mapera matatu, na wanakula watu wanne.

Dripu

Kwa ufupi, siipendi. Glutathioni ya mshipani inauzwa kung'arisha ngozi, hakuna ushahidi wa maana kwamba inafanya kazi kwa muda mrefu, na mtu anachomwa mshipa kwenye saluni na asiyejua kufanya nini mteja akizimia. Vitamini C ya dripu dozi kubwa ndo inanitisha zaidi, kwa sababu huku kwetu kwenye malaria watu wengi, hasa wanaume, wamezaliwa na upungufu wa enzaimu ya G6PD, na wengi hawajui. Enzaimu hiyo inalinda chembe nyekundu za damu. Vitamini C kidogo haina shida, ila ikiingia gramu nyingi kwa mpigo kwenye mshipa inageuka, inatengeneza radikali badala ya kuzizima, chembe nyekundu zinapasuka, mkojo unakuwa kama kokakola, mtu anaweza kufa. Saluni haipimi G6PD.

Kwa hiyo wewe uchukue kipi

Unavuta, au umeacha majuzi, au umefanya kazi kwenye vumbi la asbesto: chakula, na beta karotini ya kidonge usiiguse, hata ile iliyojificha ndani ya multivitamini, geuza chupa usome nyuma. Pesa ya vidonge iweke kwenye mpango wa kuacha sigara, maana hakuna antioksidanti inayoshindana na kutokuvuta.

Una afya yako na unataka kinga tu: chakula. Ukiwa na hamu sana ya kidonge, multivitamini ya kawaida yenye asilimia 100 ya mahitaji haitakudhuru, ila mimi ningenunua mapera.

Una mtoto wa miezi sita hadi chini ya miaka mitano: matone ya vitamini A ya kampeni MPELEKE, kila miezi sita, tafadhali usichanganye na haya niliyoandika juu. Pale tunatibu upungufu unaopofusha na kuua watoto, hiyo ni habari nyingine kabisa. Mjamzito pia vidonge vya kliniki (madini chuma na foliki) endelea navyo, ila usijiongezee vitamini A ya dukani, ikizidi inamdhuru mtoto tumboni.

Unatumia dawa ya kuyeyusha damu kama warfarini: vitamini E dozi kubwa inaweza kukumwagisha damu, na hata mboga za majani kula kwa kiasi kilekile kila wiki, usikae wiki nzima bila halafu ukafidia Jumapili, dozi yako inavurugika.

Una mgonjwa wa saratani nyumbani, yupo kwenye kemo au mionzi: hapa naomba sana. Baadhi ya matibabu hayo yanaua saratani kwa kutumia radikali hizohizo, ukimpa chupa ya antioksidanti unaweza ukawa unaikinga seli ya saratani. Mwaka 2014 watafiti wa Gothenburg, Sweden, waliwapa panya wenye uvimbe wa mapafu vitamini E au asetilisisteini, uvimbe ukakua haraka zaidi. Panya si mtu, najua, lakini mimi nisingemjaribia mama yangu. Uji, matunda, mboga, mchuzi wa samaki, mpe anachoweza kula. Vidonge vyote alivyoletewa na ndugu kutoka kila kona viweke kwenye mfuko mmoja, siku ya kliniki nenda navyo, mwagia daktari mezani umwambie, hivi ndo anavyomeza.